SOMO LA KOMPYUTA: CHA LAZIMA NA CHA HIARI

Muhula huu wahariri wa gazeti letu wameniomba niandike juu ya swali ambalo wanafunzi wa Kidato cha Tatu huniuliza mara kwa mara katika chumba cha kompyuta: Ni nani aliyeamua kwamba programu hii iwemo katika mashine tangu siku ya kwanza, na ile isiwemo mpaka tuilete wenyewe? Swali laonekana dogo, lakini ndani yake mna hesabu, mna fedha za wazazi, na mna usalama wa kazi zetu. Basi na tulitazame pole pole.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya maneno. Kompyuta haifanyi kazi bila mfumo endeshi, yaani ule mkusanyiko wa programu unaoiamsha mashine, unaotunza faili, na unaoziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Hapa shuleni twatumia Debian, mfumo wa jamaa ya Linux ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, nao hutolewa bure. Programu zake zimefungwa katika vifurushi. Toleo la 12, lililotoka mwezi wa Juni 2023, lilikuwa na vifurushi 64,419. Hapana mtu mmoja awezaye kuvitumia vyote hivyo. Kwa hiyo hapana budi vichaguliwe vichache vya kutangulia, na hivyo ndivyo viitwavyo mfumo wa msingi.

Mwanafunzi wa bweni atalielewa jambo hili upesi. Fomu ya kujiunga na shule humwagiza kila mgeni aje na godoro, shuka, chandarua, ndoo na jembe. Haimwagizi aje na gitaa. Si kwamba gitaa ni kitu kibaya, bali si kila mtu hulihitaji, na mwenye kulihitaji aweza kulifuata baadaye. Lakini aliyekuja bila godoro atalala wapi usiku wa kwanza?

Wenzetu wa Debian wamevigawa vifurushi vyao katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni vya lazima: ukiviondoa, mfumo waweza kuharibika kabisa, hata ushindwe kuutengeneza. Humo mna dpkg, programu ambayo kazi yake ni kuweka na kuondoa vifurushi vyenyewe. Daraja la pili ni vilivyo muhimu, na kipimo chake chafurahisha: ni vitu ambavyo fundi mzoefu akivikosa atashangaa na kuuliza vimekwenda wapi. Humo mna nano, programu ndogo ya kuandikia, na mna vyombo vya kuitazama mitandao. Daraja la tatu ni vya kawaida, vinavyompa mtu mfumo mdogo wa maandishi matupu, usio na madirisha wala picha, lakini usiombana mno. Daraja la nne ni vya hiari, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa kabisa ya vile vifurushi 64,419.

Huenda msomaji akauliza: Kwa nini tusiongeze tu katika daraja la kwanza kila kitu chenye manufaa? Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Miongoni mwa vifurushi vya lazima wamo wachache waliotiwa alama ya pekee kuwa ni nguzo. Kwa kawaida, kila kifurushi huandika wazi ni vifurushi gani vingine kinavyovitegemea. Lakini si lazima kuzitaja nguzo, maana hudhaniwa kuwa zipo siku zote. Matokeo yake ni nini? Siku ukitaka kuiondoa nguzo moja, huna orodha ya kukuonyesha nani aitegemeaye. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nami naona kwamba nguzo bila daftari haiondoleki bila hatari. Ndiyo sababu sheria yao yakataza mtu kuongeza nguzo mpya kwa shauri lake mwenyewe. Sharti jambo lijadiliwe hadharani na watu wapatane kwanza. Kuingia ni rahisi, kutoka ni kazi.

Hata hivyo, orodha ya msingi hubadilika. Kwa miaka mingi mafundi wa Linux walizoea vyombo vya mitandao vilivyomo katika kifurushi cha net-tools. Baadaye vikaja vyombo vipya vya iproute2, na kwa muda wote wawili wakakaa pamoja katika msingi. Katika toleo la 9 la mwaka 2017, net-tools kilishushwa kikawa cha hiari. Vivyo hivyo, katika toleo la 12 kifurushi cha rsyslog, kilichokuwa kikitunza kumbukumbu za mambo yatokeayo katika mashine, kilishushwa, kwa kuwa kazi hiyo ilikwisha kupata mfanyaji mwingine. Twajifunza kwamba mazoea ya wazee si hoja ya kutosha. Wawili wakifanya kazi moja, mmoja na akae nje akingoja kuitwa.

Basi, mimi huwafundisha wanafunzi wangu wajiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: Bila kitu hiki, je, mashine itawaka, na yaweza kutengenezwa? Ikiwa haiwezi, kitu hicho ni cha msingi, wala hapana mabishano.

Swali la pili: Kikikosekana, je, mtu aweza kukiendea? Hapa pana fumbo zuri. Vifaa vingi vya kunasia mtandao usio na waya havifanyi kazi mpaka vipewe programu ndogo kutoka kwa mtengenezaji wake. Nyingi za programu hizo hazikuruhusiwa katika vyombo rasmi vya kuwekea Debian, kwa sababu siri yake haiko wazi kwa watu kuisoma na kuibadili, na uwazi huo ni jambo ambalo Debian huliheshimu sana. Lakini mtu atawezaje kwenda mtandaoni kuleta programu ya mtandao, hali mtandao wenyewe hana? Ni kama ufunguo uliofungiwa ndani ya sanduku lake. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura, na kuanzia toleo la 12 programu hizo ziliingizwa. Walioshinda hawakusema kwamba uwazi hauna thamani. Walisema kwamba mlango wa kuingilia usifungwe.

Swali la tatu: Ni nani atakayelipa gharama? Kila kifurushi hula nafasi katika diski, nacho hudai kuletewa marekebisho mara kwa mara, na marekebisho hayo huja kwa bando linalonunuliwa kwa fedha. Kifurushi kimoja chaweza kuwa kidogo sana, lakini haba na haba hujaza kibaba. Tena kifurushi kimoja huja na jamaa zake anaowategemea, na pengine na marafiki anaowapendekeza tu.

Gharama iliyo kubwa kuliko zote ni ya usalama. Mwezi wa Machi 2024 Andres Freund, mtaalamu wa programu, aliona kwamba kuingia katika mashine yake kwa njia ya mbali kumechelewa kwa karibu nusu ya sekunde. Wengi wangalipuuza, yeye akachunguza. Akakuta kwamba katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili, kumetiwa mlango wa siri na mtu aliyekuwa amejipatia imani ya wenzake kwa muda uliopita miaka miwili. Programu ya kuingilia kwa mbali haikuihitaji xz hata kidogo. Ilifungamanishwa nayo kwa mnyororo wa kutegemeana katika mifumo kadhaa. Matoleo hayo yalikuwa yamekwisha kuingia katika Debian ya majaribio, lakini kwa bahati njema hayakuwa yamefika katika toleo imara. Wala haifai kusema kwamba xz itupwe, maana dpkg yenyewe huitumia kufungulia vifurushi. Funzo ni hili: kilichomo katika msingi kimo katika kila mashine, na ubaya wake huwa ubaya wa wote.

Sasa, shuleni kwetu tufanyeje? Wako wanafunzi watakao programu ya kuandikia insha na kupigia hesabu za majedwali. Wako wa chama cha kompyuta watakao vyombo vya kutungia programu. Na wako, nawajua, watakao michezo. Shauri langu ni kwamba msingi wa mashine zote uwe mmoja na mwembamba: vya lazima, vilivyo muhimu, na programu za vifaa vya mtandao. Juu yake tuandike orodha tatu: ya darasa, ya chama, na ya ile mashine itunzayo faili za shule, ambayo haihitaji hata madirisha ya picha. Mashine moja itunze nakala za vifurushi, ili kila kimoja kinunuliwe bando mara moja tu, kisha zile nyingine zichukue kwake. Na kando ya kila kifurushi tuandike jina la aliyekiomba na kazi yake. Mwisho wa mwaka kisicho na mtumiaji kiondolewe. Na michezo? Mwenye kuiomba aje na sababu zake kama wengine.

MAZOEZI

1. Kifurushi kilichomo katika msingi huonekana katika kila mashine. Je, wingi huo ni ushahidi kwamba watu wanakihitaji? Eleza.

2. Taja kitu kimoja katika fomu ya kujiunga na shule ambacho ungekishusha kiwe cha hiari, na kimoja ambacho ungekipandisha. Tumia maswali matatu hapo juu.

3. Kwa nini kuiondoa nguzo ni vigumu kuliko kuiongeza? Jibu kwa mistari isiyozidi kumi.

Majibu yaletwe chumba cha kompyuta kabla ya kufunga shule.