Mafunzo Niliyopata kwa Wagonjwa Mahututi Wanaotumia Dawa za Kuzuia Damu Kuganda

Kazi yangu ni uuguzi katika chumba cha wagonjwa mahututi, Dar es Salaam. Mgonjwa wetu hukabiliwa na hatari mbili kwa wakati mmoja. Kulala bila kujigeuza, mipira iliyoingizwa kwenye mishipa na maambukizi makali huifanya damu yake igande ovyo. Papo hapo ini limechoka, chembe sahani zimepungua, pengine tumbo lina vidonda, na damu inaweza kumvuja wakati wowote. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Uliza kwanza dawa ni ya nini.
Wagonjwa wawili wanaweza kumeza warfarini ileile huku hatari zao zikitofautiana sana. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio mara nyingi huweza kukaa siku chache bila dawa. Mwenye valvu ya chuma katika moyo hana nafasi hiyo, hasa ikiwa ni valvu ya mitrali, maana bonge la damu likiiziba anaweza kufa. Kwetu wengi wenye valvu hizi ni vijana ambao moyo wao uliharibiwa na homa ya rumatiki ya utotoni.

2. Kwa mgonjwa asiyetabirika, tumia dawa inayozimika haraka.
Nguvu ya warfarini huchukua siku kadhaa kuisha. Heparini ya dripu ukiifunga, nusu yake huondoka mwilini ndani ya saa moja hadi moja na nusu. Damu ikivuja vibaya kuna protamini ya kuizima, takriban miligramu 1 kwa kila uniti 100 za heparini. Ndiyo maana anayesubiri upasuaji mara nyingi huhamishiwa heparini.

3. Usimtibu kwa majibu ya jana.
Enoksaparini, aina ya heparini ya sindano, huondolewa mwilini na figo. Dozi ya kutibu bonge ni miligramu 1 kwa kila kilo, kila baada ya saa 12. Uwezo wa figo ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika, hutolewa mara moja tu kwa siku. Tazama pia chembe sahani: zikishuka kwa nusu kati ya siku ya 5 na ya 10 ya heparini, huenda heparini yenyewe ndiyo inayozalisha mabonge. Mwite daktari hapohapo.

4. Dozi kubwa si lazima iwe kinga kubwa.
Wakati wa UVIKO-19 wengi tuliamini kwamba heparini ya dozi kamili ingewaokoa wagonjwa mahututi. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba haikuwasaidia kuliko dozi ya kawaida ya kinga.

5. Fungua mfuko wa dawa ulioletwa na ndugu.
"Mama, naomba unionyeshe kila alichokuwa anameza, hata cha mitishamba." Ombi hili limenifaa kuliko fomu nyingi. Metronidazoli, flukonazoli na Septrin huipa warfarini nguvu kupita kiasi. Rifampisini ya kifua kikuu huipunguza.

6. Mwangalie mgonjwa, siyo mashine peke yake.
Ninapomsafisha kinywa naangalia fizi. Nakagua rangi ya mkojo kwenye mfuko, choo cheusi kinachonata, na mboni za macho, kwani mboni moja ikitanuka ghafla huenda damu inavujia kwenye ubongo. Kisha napima mashavu ya miguu kwa futi ya fundi cherehani. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, nashuku bonge. Sindano ya msuli naiepuka.

7. Dawa ikisimamishwa, andika siku ya kuijadili tena.
Somo hili nalipigania kila raundi. Damu inayovuja humtisha kila mtu kwa sababu inaonekana. Bonge hujijenga kimya ndani ya mshipa. Kwa hiyo kusimamisha dawa ni rahisi, na kuirudisha husahaulika. Wakati tunasubiri, mgonjwa avalishwe mashine ya kubanabana miguu ikiwa ipo, ageuzwe na kunyooshwa viungo. Kwenye faili iandikwe wazi: imesimamishwa kwa nini, nani ataamua irudi, na lini. Kumnyima mgonjwa dawa nako ni tiba, na kunastahili kufikiriwa upya kila asubuhi kama dozi nyingine yoyote.