Filamu ya Kisasi kutoka Wakaliga, na Kicheko cha Walioitazama



Ye yote aliyeifuata barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya apajua Ruaha Mbuyuni. Hapo ndipo penye mto Ruaha Mkuu na mibuyu, na magari husimama watu wakanunua vitunguu kabla ya kuupanda mlima wa Kitonga. Na penye magari mengi hapakosi banda la video. Jioni moja tulipokuwa tukipita tulisikia ndani ya banda la mabati kicheko kikubwa mno, hata tukaingia kuuliza habari. Vijana waliotoka katika mashamba ya vitunguu walikuwa wakitazama watu weusi wenzao wakipigana kwa mateke na ngumi kama Wachina, helikopta zikiutupia mji wa Kampala mabomu, na juu ya hayo yote sauti ya mtu asiyeonekana ikipiga kelele na kufanya mzaha. Jina la filamu hiyo ni Who Killed Captain Alex?, maana yake, Nani Alimwua Kapteni Alex?

Mwinjilisti aliyefuatana nasi hakupendezwa. Alisema, "Wazungu huitazama picha hii wapate kutucheka. Nanyi mwawasaidia?" Vijana wakanyamaza. Kisha mmoja akasimama, akajibu kwa adabu, "Shikamoo, baba. Hata sisi twacheka, lakini hatujichekei wenyewe."

Neno la kijana huyu limetukaa moyoni, nalo ndilo somo letu la mwezi huu. Je, kicheko cha mtu wa mbali na kicheko cha mtu wa karibu ni kimoja?

Kwanza tumjue mwenye kuitengeneza. Jina lake ni Isaac Nabwana, aliyezaliwa mwaka 1973, mwenyeji wa Wakaliga, mtaa wa watu maskini katika mji wa Kampala, ambako mitaro ya maji machafu hupita katikati ya nyumba na umeme hukatika mara kwa mara. Alipokuwa mtoto hakuingia katika nyumba ya sinema. Kaka yake mkubwa ndiye aliyekwenda, na aliporudi humsimulia yale aliyoyaona, naye mdogo huyaona kwa akili yake tu. Twaomba msomaji alishike jambo hili, maana tutalirudia. Nabwana alipokuwa mtu mzima alifyatua matofali apate riziki, akanunua kamera, akajifunza kompyuta, na mwaka 2005 akaanzisha kazi yake, akaiita Ramon Film Productions kwa majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica.

Filamu yenyewe ilitoka mwaka 2010. Gharama yake, kwa maneno ya mwenyewe, haikufika dola 200 za Marekani. Kwa fedha hiyo huko Hollywood labda hawapati chakula cha mchana cha wapiga picha. Bunduki zilitengenezwa kwa vyuma chakavu na mbao. Helikopta na moto vilitiwa kwa kompyuta, na mtu ye yote mwenye macho huona ya kuwa si vya kweli. Waigizaji hawakuwa na mshahara. Filamu ikiisha, wao wenyewe walizichukua sahani zake wakazitembeza nyumba kwa nyumba, wakagawana faida na mwenye kazi, nao walifanya haraka, kwa sababu baada ya siku chache wezi wa kunakili walikuwa wamekwisha kuzijaza sokoni.

Hadithi yake ni fupi. Kapteni Alex ametumwa na jeshi kulivunja genge liitwalo Tiger Mafia. Askari wanamkamata ndugu wa mkuu wa genge. Mkuu huyo anatuma watu wamlete Alex hali yu hai, lakini Alex anakutwa amekufa. Ndipo anapotokea ndugu yake Alex, aitwaye Bruce U, bingwa wa kung fu, ambaye jina lake lamkumbusha kila mtu Bruce Lee, yule aliyependwa sana katika majumba ya sinema ya Afrika ya Mashariki miaka ya 1970. Amekuja kulipa kisasi. Yaliyobaki ni mateke na risasi. Sisi hatutaki kuisifu kupita kiasi: sauti ni mbaya, na watu huanguka wamekufa wengi hata mtu huchoka kuhesabu.

Lakini sasa tuitazame ile sauti isiyoonekana, kwa kuwa hapo ndipo lilipo jambo. Huko Uganda watu hawa huitwa VJ. Kazi yao ilianza katika mabanda ya video, ambako filamu za kigeni zilionyeshwa kwa watu wasioijua lugha yake. Mtu mmoja alishika kipaza sauti akafasiri, na katika kufasiri akaongeza utani, akawataja watu wa mtaa, akawaonya waigizaji kana kwamba wanamsikia. Kwetu Tanzania kazi ya namna hiyo ilifanywa na Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Wengi waliokuwa vijana wakati ule hata leo waikumbuka sauti yake kuliko nyuso za waigizaji. Katika filamu ya Kapteni Alex msimulizi ni VJ Emmie. Mtu akipigwa teke, Emmie hushangilia. Bunduki ikitokea, huisifu. Hadithi ikilegea, hulegea nayo na kuitania. Basi mtazamaji hakai peke yake mbele ya damu na kisasi. Ana mwenzake wa kumwambia ya kuwa huu ni mchezo. Naye Nabwana, aliyezipokea sinema kwanza kwa kinywa cha kaka yake, je, angalitengeneza filamu isiyo na msimulizi? Twaona kaka yule ndiye aliyekuwa VJ wake wa kwanza.

Sasa habari za watu wa mbali. Mwezi wa Januari 2010 kipande kifupi cha kuionjesha filamu hii kiliwekwa katika YouTube, kikaenea upesi sana. Mwaka 2015 filamu nzima ikawekwa humo pamoja na maneno ya Emmie kwa Kiingereza, nayo imetazamwa mara mamilioni. Hatukatai kwamba katika hao wamo waliocheka kwa dharau, wakisema, Tazameni Waafrika na bunduki zao za mbao. Mwinjilisti wetu hakukosea kabisa. Walakini wengine walifanya jambo ambalo mwenye dharau halifanyi. Mmarekani mmoja wa New York, Alan Hofmanis, alipokwisha kukiona kile kipande alipanda ndege kwenda Kampala kumtafuta mtengenezaji, halafu akahamia Wakaliga akafanya kazi naye. Katika filamu iitwayo Bad Black ya mwaka 2016 yeye ni daktari mzungu afundishwaje kung fu na mtoto wa mtaani. Hapo mzungu ndiye achekwaye, naye amekubali. Tena mwaka 2015 Nabwana aliomba kwa njia ya intaneti msaada wa dola 160 kwa filamu nyingine, akapewa zaidi ya 13,000. Mwaka 2019 filamu yake Crazy World ilionyeshwa katika tamasha kubwa la Toronto, Kanada.

Mtu asidhani kwamba umaskini wenyewe ndio uliopendeza. Umaskini ulileta hasara pia. Nakala ya kwanza ya Kapteni Alex, isiyo na msimulizi, haipo tena. Nabwana aliifuta katika kompyuta apate nafasi ya kutengeneza filamu iliyofuata. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya Emmie tu. Hivyo hakuna mtu leo, wa mbali wala wa karibu, awezaye kukitazama kisasi cha Bruce U pasipo utani juu yake.

Jioni ile tulikaa hata mwisho. Mzee mmoja wa pale, aliyekwenda Uganda na jeshi letu katika vita vya mwaka 1979, alikuwa nyuma yetu, naye alicheka zaidi ya vijana kila helikopta ilipopita. Tulipomwuliza, alisema, "Ile ya kweli haikuwa na mtu wa kuitania." Hakuongeza neno.

Picha ilipokwisha, mwinjilisti, ambaye kwa muda mrefu alikuwa hasemi kitu, aliwageukia vijana. "Basi," akauliza, "ni nani aliyemwua huyo Kapteni?"

Wakatazamana wakicheka. "Baba," akasema yule kijana, "filamu haisemi. Sisi tumeitazama mara nne, na hata huyo ndugu yake aliyekuja kulipa kisasi hakumjua."

Mwinjilisti akaketi tena bencini, akawaomba warudishe mwanzo.