TUJIFUNZE: CHOMBO CHA POLISI KINAJUAJE SPIDI YA GARI?

Kwenye mkutano wa kikundi chetu hapa Msambweni mama mmoja alituuliza swali likatushinda pale pale. "Yule polisi amesimama huko, gari halijamfikia, na tayari anajua lakwenda mbio gani. Aonaje?" Tulimwahidi jibu. Kwetu si swali la mchezo, maana watoto huvuka barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga kila asubuhi wakienda shule.

Tuanze na tunalolijua. Ukipiga ukelele mbele ya jabali, mwangwi hurudi. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya sekunde moja, jabali liko mita 170, kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi. Chombo cha polisi hufanya vivyo hivyo, ila hutumia mwanga uitwao leza. Macho hayauoni, na huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Gari likiwa mita 300, mwanga huenda na kurudi kwa milioni mbili ya sekunde, yaani sekunde moja igawanywe mara milioni, uchukue vipande viwili. Sisi hatuwezi kuhesabu hivyo, lakini saa iliyomo ndani ya chombo yaweza.

Haya, umbali peke yake si spidi. Chombo hurusha mwanga mara nyingi mfululizo na kila mara hupima umbali. Tuseme kwanza gari liko mita 300, na nusu sekunde baadaye liko mita 289. Limekula mita 11, yaani mita 22 kwa sekunde. Hizo ni karibu kilomita 80 kwa saa. Matatu haitakiwi kuzidi 80 popote, na kwenye mji au senta ya biashara mwisho wa sheria ni 50 kwa kila gari.

Rada ya zamani hutumia mawimbi ya redio yanayotawanyika, na magari yakiwa mengi huweza kuleta ubishi ni lipi lililopimwa. Leza ni nyembamba, hulenga gari moja. Madereva hulalamika kwamba polisi akisimama pembeni huwaonea. Hapo wanakosea: akipima kwa pembeni namba hushuka, haipandi. Lakini mkono ukitetereka, mwanga ukateleza kutoka namba ya gari hadi kioo, kipimo huweza kudanganya. Ndiyo maana hutakiwa kushikilia mahali pamoja. Mvua kubwa nayo huuzuia mwanga.

Wenzetu wa Tanzania, ukishavuka Horohoro, husema dereva "kapigwa tochi". Huku kwetu madereva humulikiana taa kuonyana kwamba polisi wako mbele. Wakishawapita, mbio ni zile zile.

Je, kikundi kisicho na leza kifanye nini? Pimeni mita 100 kando ya barabara kwa kamba, mkasimike vijiti viwili. Mmoja akae kijiti cha kwanza, ashushe kitambaa gari likipita. Wa pili akae kijiti cha mwisho na saa ya kuhesabu sekunde. Simu nyingi zinayo. Gari likitumia sekunde 7.2, linakwenda 50. Likitumia 6, ni 60. Likitumia sekunde 4 na nusu, ni 80. Kaeni mbali na lami, na watoto wasitumwe kazi hii.

Tofauti ya 50 na 80 si ndogo. Dereva akichukua sekunde moja kushtuka, lami ikiwa kavu na breki nzima, kwa 50 atasimama baada ya kama mita 28. Kwa 80 atahitaji kama mita 57. Mtoto aliye mita 40 mbele yake, wa kwanza humfikii, wa pili humgonga.

Andikeni daftarini siku, saa, aina ya gari na sekunde, bila namba za magari. Fanyeni hivyo asubuhi na jioni kwa wiki moja, kisha mpelekeeni chifu daftari hilo mnapoomba matuta au kivuko cha watoto.