Siku ya Safari Huanza Jioni

Somo la ushirika wa nyumbani
Maandiko ya kusoma: Mathayo 25:1-13, Kutoka 12:11 na 29-34, Matendo 17:11



Somo la wiki hii linaanza na kosa langu mwenyewe. Wengine wenu mlilisikia nusu nusu pale nje ya kanisa, na nimeona ni heri mlisome lote kutoka kwangu. Dada mwenyewe amenipa ruhusa nilisimulie, mradi nisimtaje jina.

Dada huyu wa ushirika wetu alipata kazi ya usafi katika hoteli huko Doha, Qatar. Mama yake alikuwa amekopa kwenye chama ili kulipia pasipoti, vipimo vya hospitali na mambo mengine ya safari. Tiketi ilipofika kwa simu, waliniletea niisome, kwa sababu mimi ndiye pasta na mimi ndiye "msomi wa biashara." Nikasoma: Jumanne, 00:40. Nikatangaza mbele ya watu kwamba Jumanne usiku tutamsindikiza dada yetu uwanja wa ndege, kwa hivyo Jumanne jioni tukutane kwao kwa maombi. Watu wakasema amina.

Jumatatu, saa mbili na nusu usiku, simu yake ililia. Ni ajenti: "Uko wapi? Wenzako wote wamefika." Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda akisukwa nywele, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado. Alinipigia akilia. Hapo ndipo nilipoitazama tena ile tiketi nikaelewa. 00:40 ya Jumanne ni saa sita na dakika arobaini za usiku wa kuamkia Jumanne. Usiku wenyewe ulikuwa ule ule tuliokuwa ndani yake.

Tulitoka Kiserian saa tatu kasoro dakika kumi: dada, mama yake, mimi, na sanduku lililofungwa ovyo. Mvua ilikuwa inanyesha. Mnaijua barabara ya Magadi mvua ikinyesha. Rongai tulisimama karibu saa nzima, matatu zimepandana kila upande. Kutoka Bomas tukaingia barabara ya Lang'ata, kisha Southern Bypass kando ya mbuga, mpaka Mombasa Road. Kufika kwenye ukaguzi pale mlangoni mwa JKIA, ambapo abiria walikuwa wakishuka garini na kupita kwa miguu, ilikuwa karibu saa tano na dakika arobaini. Dada alikimbia na sanduku lake, kitambaa kichwani. Sisi tusio na tiketi tulibaki nje. Baada ya muda tulimwona akirudi anatembea polepole. Kaunta ilikuwa imefungwa. Aliyekuwa pale hakumtukana wala kumfokea. Alimwambia tu kwamba wamefunga.

Tulirudi kimya. Tulipofika Rongai, wakati huo barabara iko wazi kabisa, mama akasema, "Mchungaji, mimi ile tiketi ilinisumbua. Nilitaka kuuliza. Lakini nikaona si vizuri kumuuliza mtumishi wa Mungu mara mbili."

Wapendwa, neno hilo limeniuma kuliko pesa. Na pesa zenyewe zilikuwa nyingi: tiketi mpya ilikuwa shilingi 42,000. Nilitoa akiba yangu, wazee wakaongezea, na dada akaondoka siku tisa baadaye. Namshukuru Mungu. Lakini ningependa kosa hili litufundishe mambo matatu.

1. Mungu huanza kuhesabu siku jioni

Kuna methali tunayoipenda: siku njema huonekana asubuhi. Ni kweli. Lakini soma Mwanzo 1 uone jinsi siku za uumbaji zinavyohesabiwa. Jioni inatajwa kwanza, ndipo asubuhi. Wayahudi mpaka leo huianza Sabato Ijumaa jua likitua. Hata wazee wa pwani wakisema "usiku wa Ijumaa" walikuwa na maana ya usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, si ule unaoufuata.

Ningefikiri kama wazee hao, nisingekosea. Sisi wa siku hizi tumezoea kuona siku ni mchana, na usiku ni mkia wake. Kumbe kwa anayesafiri, usiku ndio kichwa cha siku.

Tazameni Waisraeli katika Kutoka 12. Bwana alipita usiku wa manane, na Farao aliwaita Musa na Haruni usiku huo huo waondoke. Walipata wapi muda wa kujitayarisha? Walijitayarisha jioni. Mungu aliwaagiza wale chakula wakiwa wamejifunga mikanda, viatu miguuni, fimbo mkononi. Unga haukuwa umeumuka, na wakaubeba hivyo hivyo. Amri ya kutoka ilikuja usiku, lakini utayari wao ulikuwa wa jioni. Mtu aliyengoja kuvaa viatu baada ya kuitwa angeachwa Misri.

Mpendwa, kuna jambo gani unalijua litakuja, na unangoja "asubuhi" ndipo ulianze? Kupatana na ndugu yako? Kuandika mambo ya shamba ili watoto wasije wakagombana? Kumpa Yesu maisha yako? Jioni ndiyo hii.

2. Mafuta hayaazimwi

Katika Mathayo 25 wanawali wote kumi walikuwa na taa. Wote walisinzia. Kelele ya usiku wa manane iliwaamsha wote. Tofauti ilikuwa mafuta tu. Na wale wenye busara walipokataa kugawa, haikuwa uchoyo. Kuna vitu ambavyo mtu hawezi kumpa mwenzake usiku wa manane, hata akipenda.

Dada yetu alisafiri kwa kuisoma kwangu. Aliazima macho yangu. Macho yangu yalipokosea, hakuwa na yake. Hilo ni kosa langu kwanza, kwa sababu nilitangaza kwa uhakika jambo ambalo sikulichunguza. Nawaomba msamaha, na kwake nimeomba. Lakini pia ni onyo kwetu sote.

Waberoya walimsikia Paulo, mtume mzima, na bado kila siku wakayachunguza Maandiko kuona kama ndivyo yalivyo. Biblia haiwaiti wakaidi. Inawasifu. Kumuuliza mchungaji mara mbili si dharau. Mama yule angeniuliza, "Pasta, una hakika ni Jumanne usiku, si Jumatatu?" angekuwa ameniokoa mimi pia. Kuanzia leo, katika kanisa hili, ukiona jambo halijakaa sawa, uliza. Iwe ni tiketi, iwe ni hesabu ya sadaka, iwe ni mahubiri. Heshima inayonyamaza hadi mtu apotee haitusaidii.

Na wokovu ni hivyo hivyo. Mama yako ni mwombaji, vizuri. Mume wako ni mzee wa kanisa, sawa. Lakini usiku ule kila mmoja atasimama na taa yake.

3. "Mungu akipenda" si kisingizio

Wengine watasema, "Pasta, huenda Mungu ndiye aliyezuia safari ile." Mungu anaweza kuzuia safari, hilo sikatai. Wengi wenu mnakumbuka tarehe 7 Agosti 2013, moto ulipoteketeza alfajiri ukumbi wa abiria wanaowasili kutoka nchi za nje pale JKIA, na ndege zikasimamishwa. Aliyefika mapema siku hiyo hakuwa amekosea, hata kama hakusafiri. Alifanya sehemu yake, na yaliyobaki hayakuwa yake.

Yakobo 4 inatufundisha kusema "Bwana akipenda" juu ya kesho, kwa sababu kesho si yetu. Lakini jioni ya leo tumepewa. Mimi sikuzuiwa na Mungu. Nilisoma tiketi vibaya, na nisimtwike Mungu mzigo wangu.

Kwa vitendo

Chuoni tulifundishwa kupanga kazi kwa kuanza na saa ya mwisho na kurudi nyuma. Nililijua hilo na sikulitumia. Kwa kuwa vijana wengi hapa Kiserian wanasafiri kwenda nchi za Ghuba, na ndege nyingi huondoka usiku au alfajiri, tulifanye pamoja kwa tiketi ile ile.

Ndege inaondoka 00:40, yaani saa sita na dakika arobaini usiku. Tiketi hubadilisha tarehe saa sita usiku, kwa hivyo ukiona saa inayoanza na 00, 01, 02, 03 au 04, jua utatoka nyumbani tarehe iliyotangulia. Kaunta za safari za nje mara nyingi hufungwa saa moja kabla, kwa hivyo hapo ni saa tano na dakika arobaini. Abiria hushauriwa kufika saa tatu kabla: saa tatu na dakika arobaini usiku wa Jumatatu. Barabara ya Rongai jioni, na mvua, weka saa mbili na nusu. Basi toka Kiserian saa moja na dakika kumi jioni, Jumatatu. Yaani kabla hata ugali haujaiva.

Kama ndege ni ya alfajiri, usingoje saa nane za usiku ndipo utafute gari. Matatu za 126 hutazitegemea saa hiyo, na teksi ikikuahidi halafu izime simu, utafanya nini? Afadhali utoke mapema usiku, ukae kwenye kiti huko uwanjani na sweta yako, uombe, usinzie. Sisi ni watu wa kesha. Tunakesha kanisani Ijumaa mpaka alfajiri, hatushindwi na kiti cha uwanja wa ndege. Rongai ikifungana kabisa, kumbuka kuna njia ya Isinya kupitia Kitengela. Ni ndefu, lakini inafika.

Jambo la mwisho: tiketi isomwe na watu wawili, na msafiri mwenyewe awe mmoja wao. Aseme kwa mdomo wake: siku fulani, natoka nyumbani saa fulani.

Mlango

Dada yetu alifungiwa mlango, kisha tiketi nyingine ikanunuliwa. Leo yuko kazini, na mwezi uliopita alimtumia mama yake pesa ya kwanza ya kulipa chama. Lakini katika mfano wa Yesu, wale watano waliporudi kutoka dukani, mlango haukufunguliwa tena. Hapo hakuna tiketi ya pili ya kununua. Ndiyo maana neema inatangazwa sasa, kungali jioni, na ni ya bure. Kama hujaokoka, usifunge karatasi hii ukasema utafikiria kesho.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini wanawali wenye busara hawakugawa mafuta yao? Ni mambo gani katika maisha yako huwezi kuyaazima kwa mtu mwingine?
2. Je, kuna jambo uliwahi kutaka kumuuliza kiongozi ukanyamaza kwa heshima? Lilizaa nini?
3. Taja jambo moja ambalo umekuwa ukiliacha mpaka "asubuhi." Utalifanya jioni gani?

Tuombe

Bwana, tusamehe pale tulipowaongoza wengine bila kuchunguza. Utupe macho yetu wenyewe na mafuta yetu wenyewe. Uwalinde watoto wetu walio ugenini usiku huu. Sauti itakapokuja, utukute tumevaa viatu. Katika jina la Yesu, amina.