Dondoo muhimu: Simu ya mwanao isiwe njia ya fedha za wizi

Tangazo huja kupitia TikTok, Instagram au Telegram: pata pesa ukiwa nyumbani, unahitaji simu tu. Kijana anaambiwa apokee fedha kwenye laini yake, abaki na kamisheni, kisha zilizobaki azitume kwa namba nyingine. Fedha hizo zimeibwa kwa mtu. Zikifuatiliwa, jina linaloonekana ni la mwenye laini, na hapa Tanzania laini ya aliye chini ya miaka 18 husajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi au mlezi. Polisi wataanzia kwako.

• Mweleze wazi: hakuna mwajiri halali anayepitisha fedha zake kwenye simu ya mwanafunzi.

• Laini, namba ya siri na kadi ya benki havikodishwi, hata kwa rafiki wa darasani.

• Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako.

• Fedha msizozijua zikiingia, msizitumie wala msizirushe kwa anayepiga akilia kwamba amekosea namba. Pigeni huduma kwa wateja, muamala urudishwe na mtandao wenyewe. Ujumbe wa tapeli utumeni kwenda 15040.

• Mwanao keshaingia mtegoni? Asifute ujumbe wowote, ndio ushahidi wake. Nenda naye polisi mapema. Nakusihi usianze na fimbo: akikuogopa atanyamaza, na tapeli ataendelea kumtumia.