Tuzingatie Viumbe Kando ya Kijito

Kwetu Geita na Shinyanga mvua za kwanza huanza Oktoba au Novemba. Tukipita kando ya kijito siku hizo tunaona nyasi zimechipua, mafunjo yamesimama, vyura wanalia, na mdiria yuko tawini akivizia samaki. Tusipite tu, Qur'ani inatuhimiza kuzingatia viumbe.

Basi tumtazame huyo mdiria. Mdudu huliwa na samaki mdogo, mdogo huliwa na mkubwa, na mdiria hula samaki. Nasi pia tunawala. Sasa, kwenye mialo ya dhahabu hutumika zebaki. Ikiingia majini hupita njia hiyohiyo, tumbo hadi tumbo, ikizidi kila hatua. Hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hasa ya mtoto aliye tumboni mwa mama.

Katika fiqhi tumesoma kuangalia rangi, ladha na harufu ya maji. Zebaki kidogo haibadilishi hata kimoja. Kijito kitaonekana safi, na vyura watalia.

Wenye kaka machimboni wawaambie: mchanga usioshewe kijitoni, zebaki isichomewe nyumbani. Tunajua ni mazungumzo mazito, kwani hata ada ya madrasa wengine huilipa kwa dhahabu hiyo.