Unguja wakati wa masika

Ukifungua programu ya hali ya hewa kwenye simu mwezi wa Aprili na kuuliza habari za Unguja, hujibu kwa picha ileile iliyorudiwa kwa wiki mbili: wingu, radi, matone. Watu wengi wakiiona hughairi safari, na wanakosa mengi. Picha hiyo husema tu kwamba ndani ya saa ishirini na nne, mahali fulani kwenye eneo pana, mvua inaweza kunyesha. Haisemi kama itanyesha saa tisa usiku na kukatika kabla ya chai, jambo la kawaida pwani wakati wa masika, au kama itashinda mpaka magharibi. Tofauti hiyo ndiyo safari yenyewe.

Masika huanza Machi, hukolea Aprili na kulegea kadiri Mei inavyokwisha. Aprili pekee kisiwa hupata, kwa wastani, zaidi ya milimita 300 za mvua. Anayeweza kuchagua tarehe achague siku za mwanzo za Machi au wiki ya mwisho ya Mei. Aprili amwachie mtu anayetaka vyumba vya bei nafuu, mji usiosongwa na watalii, na asiyeona vibaya kutembea na kandambili kwenye maji ya kifundo cha mguu.

Taarifa za kufuatwa ni za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, lakini kila moja ina kazi yake. Ile ya msimu hutoka kabla ya mvua kuanza, na humwambia mkulima wa Unguja, Pemba, Tanga na Dar es Salaam kama mvua zitakuwa za wastani, juu au chini ya wastani. Mgeni wa siku tano haimfai sana. Msimu ulio juu ya wastani unaweza kuwa na wiki nzima ya jua katikati, kwa sababu mvua za masika huja kwa vipindi. Mojawapo ya vinavyozisukuma na kuzizuia ni mzunguko wa hewa na mawingu uliogunduliwa na wanasayansi Roland Madden na Paul Julian mwaka 1971, unaosafiri kutoka magharibi kwenda mashariki kwa siku 30 hadi 60. Tena, masika ni magumu kutabirika kuliko vuli. Vuli hufuata kwa karibu joto la Bahari ya Hindi na El Niño; masika huyafuata kwa ulegevu.

Utabiri wa siku kumi ufunguliwe kabla ya kulipia tiketi, ili kujua mwelekeo tu: wiki ya mvua nyingi au ya mvua chache. Taarifa ya siku tano ndiyo ya kuamulia. Humo mna rangi na maneno matatu ya kuyazingatia: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Maelezo yakitaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili, msafiri wa boti ajue siku hiyo tumbo litasumbuka hata kama safari haitaahirishwa. Utabiri wa saa 24 ni wa kuchagua kati ya ufukwe na soko.

Vimbunga viwili vinaonyesha kwa nini lazima taarifa zisomwe kila siku. Aprili 2021 Kimbunga Jobo kilielekea Dar es Salaam, watu wakajiandaa, kikadhoofika kabla ya kufika. Mei 2024 Kimbunga Hidaya hakikudhoofika mapema hivyo: kilifika Mafia Mei 4, na boti za Dar na Unguja zikasimama. Vimbunga ni adimu karibu hivi na ikweta, lakini Unguja inavijua. Kile cha Aprili 1872 kilivunja majahazi na merikebu bandarini na kung'oa mikarafuu ya kisiwa, huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana karafuu nyingi za Zanzibar zikawa za Pemba.

Kuna utabiri mmoja usiobabaisha, nao ni wa maji ya bahari. Jedwali la maji kujaa na kupwa hujulikana miezi mingi kabla, na wageni wengi hawaliangalii kabisa. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo hukaribia mita nne, na bamvua za Machi na Aprili ni miongoni mwa kubwa kabisa za mwaka. Siku hizo, kuanzia kama saa nne asubuhi, bahari ya Paje, Jambiani na Bwejuu hukimbia mbali kabisa, na wakulima wa mwani hushuka kwenye mashamba yao. Aliyelipia chumba cha mbele ya bahari ili aogelee baada ya chai atakuta mchanga na majani. Anayetaka kuogelea saa yoyote aende Nungwi au Kendwa. Anayetaka Paje achague siku za maji mafu, bahari isipokimbia mbali hivyo. Na mpenda kitesurfing asifunge safari Aprili: ni kipindi cha tangambili, kaskazi imekwisha na kusi haijashika.

Shida kubwa ya masika, hata hivyo, huanza Dar es Salaam. Abiria wa basi la mkoani hushushwa Stendi ya Magufuli, Mbezi Louis, akitegemea mwendokasi imfikishe Kivukoni. Msimbazi ikifurika, barabara hufungwa Jangwani, mwendokasi husimama, na boti huondoka bila yeye. Anayetoka Dodoma au Morogoro apande treni ya SGR, ambayo huingia katikati ya jiji juu ya madaraja na kushusha watu jirani na bandari. Wengine walale upande wa mjini usiku wa kuamkia safari. Hiyo gharama ya chumba kimoja ni ndogo kuliko ya tiketi iliyopotea, na boti ya saa moja asubuhi mara nyingi hukuta bahari tulivu kuliko ya alasiri.

Tiketi inunuliwe dirishani au kwenye mtandao wa kampuni yenyewe, na swali moja liulizwe kabla ya kulipa: boti ikiahirishwa kwa sababu ya upepo, nauli inarudi au inahamishiwa siku nyingine? Jibu liandikwe. Vishoka wanaozunguka nje ya geti la bandari hawana jibu la swali hilo, na ndiyo sababu ya kutosha ya kuwapita. Kurudi pia kuachiwe nafasi. Mtu mwenye ndege ya kimataifa Dar es Salaam Jumapili aondoke Unguja Ijumaa, au Jumamosi asubuhi akiwa amechelewa sana.

Ukishashuka, papasi, yaani madalali wanaowafuata watalii, watakuwepo, na wakati wa masika wana njaa zaidi kwa kuwa wageni ni wachache. Mchezo wao wa msimu huu ni kuuza safari ya kisiwa cha Mnemba jioni, kwa fedha zote taslimu, huku radi zikionekana upande wa bara. Asubuhi mvua inanyesha, nahodha hatoki, na muuzaji hapokei simu. Alipwe nahodha, ufukweni, chombo kikiwa tayari kung'oa nanga. Isitoshe, mvua ikinyesha sana maji huweza kuchafuka, na kuona samaki kukawa kwa shida.

Safari ya pomboo wa Kizimkazi haifai masika wala kiangazi. Boti kadhaa huwazunguka wanyama hao, injini zikinguruma, na wageni hurushwa majini juu ya vichwa vyao. Hakuna bei inayohalalisha hilo. Mkahawa maarufu ulio juu ya jiwe kule Michamvi Pingwe unapendeza ukiutazama kutoka mchangani, bure. Kisiwa cha Changuu na makobe wake kisubiri siku kavu.

Mahali pa kukaa ni Mji Mkongwe, angalau nusu ya safari. Hoteli nyingi za ufukweni hufunga Aprili na Mei, lakini mji haufungi. Mabaraza ya mawe mbele ya nyumba, yanayokaliwa na wazee jioni, huwa njia ya kupita wakati vichochoro vikijaa maji. Mvua ikipiga, mtu huingia Darajani, hula urojo wa moto, na kungoja pamoja na wenyeji. Jumba la Beit al-Ajaib lisiwe sababu ya safari, kwani sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020.

Msitu wa Jozani ndio hasa unaostahili masika. Ni msitu unaoishi kwa maji ya chini ya ardhi, na mvua zikikolea maji hupanda mpaka kwenye mizizi, miti inang'aa, na kima punju, wasiopatikana kwa asili popote nje ya Zanzibar, hushuka chini kujianika jua likitoka. Gari la shamba linalokwenda kusini hupita mlangoni kwa nauli ndogo. Dereva wa teksi atasema barabara imejaa maji Mwanakwerekwe na bei imepanda. Eneo hilo kweli limewahi kuziba kwa mafuriko, kwa hiyo aulizwe kwanza muuza duka aliye jirani, kisha bei ikubaliwe kabla ya mlango kufungwa.

Bei ya chumba nayo ijadiliwe kwa simu na hoteli yenyewe. Msimu huu mwenye hoteli ana vyumba vitupu, kwa hiyo mgeni aombe punguzo, ahakikishe kuna jenereta, na apate kwa maandishi ruhusa ya kusogeza tarehe bila faini TMA ikitoa tahadhari ya upepo. Anayekataa sharti hilo la mwisho aachwe. Mtaa wa pili kuna atakayelikubali.